Nafasi ya Mwanamke, Alama 15

Binti wa dada yangu anakaa kwangu Mabatini, hapa Mwanza, mwaka huu, kwa kuwa shule yake iko karibu na kwangu kuliko kwao Buhongwa. Jioni, vyombo vikishaoshwa, anafungua daftari la fasihi na kukariri kwa sauti huku anachambua dagaa kwenye ungo. Mtihani wa kidato cha nne unakaribia.

“Nafasi ya mwanamke,” anasema, na kidole kinatupa jiwe dogo nje ya ungo. “Moja. Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mbili. Mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia. Tatu. Mwanamke amechorwa kama mtu asiye na maamuzi. Nne. Mwanamke amechorwa kama mtu mwenye msimamo.”

Ya tatu na ya nne zinapigana, lakini hilo halimsumbui, wala halimsumbui mwalimu wake. Kila hoja ina mfano wake, kila mfano una kitabu chake, na swali zima lina alama 15.

Juzi nikamuuliza: na nafasi ya mwanaume? Akanitazama kama niliyemuuliza nauli ya kwenda mwezini.

“Mama mdogo, hiyo haitokagi.”

Msomaji wa pwani atusamehe hiyo -ga. Huku Kanda ya Ziwa tunaibandika mwishoni mwa kitenzi tukitaka kusema jambo lina mazoea, na hu- ya Kiswahili sanifu haina uzito ule. Haitoki ni ya mtihani wa mwaka huu. Haitokagi ni ya tangu enzi za mababu.

Na mimi nilikariri hoja hizohizo, kwenye bweni la wasichana, kwa mwanga wa tochi. Nikapata alama zangu. Sikuona ajabu yoyote kwamba darasa la wasichana arobaini, likifundishwa na mwalimu wa kike, lilikuwa linaorodhesha namna mwanamke “alivyochorwa”, kana kwamba tunazungumzia mnyama wa mbugani ambaye hayumo chumbani. Neno lenyewe, amechorwa, linaficha mkono ulioshika kalamu.

Tazama kapu ambalo kwa miaka mingi mtahiniwa amekuwa akichotea mifano yake: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, Orodha ya Steve Reynolds, Ngoswe ya Edwin Semzaba, Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib, Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Ni vitabu vizuri, vingine vizuri sana. Sekai wa Takadini anakimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Furaha wa Orodha anakufa na kuacha karatasi inayowatoa jasho wanaume wazima wa kijiji, kila mmoja akidhani jina lake limo. Nimewalilia wote wawili. Lakini pitisha kidole kwenye majalada uone majina. Kijana anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amejaza kurasa na kurasa kuhusu mwanamke, bila kumsikia mwanamke hata mmoja akisema kwa kalamu yake mwenyewe.

Si kwamba hawakuwapo. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, na mwaka huohuo Martha Mvungi akatoa Hana Hatia. Penina Muhando alikwisha kutangulia na Hatia mwaka 1972, na miaka kumi baadaye akaandika Nguzo Mama, tamthiliya ninayoisoma upya karibu kila mwaka. Wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kusimamisha nguzo. Wanahangaika, wanagombana, mmoja ana biashara yake, mwingine ana mume wake, na nguzo haisimami. Mwandishi angeweza kuinyanyua kwa ukurasa mmoja wa mwisho, wakati ule ambapo majukwaa yote yalipenda wanawake wenye umoja na vigelegele. Hakuinyanyua. Ningependa swali la mtihani limuulize mtoto kwa nini.

Bibi yangu mzaa mama, Msukuma wa Magu, aliposwa kwa mtindo ambao vijana wa mjini siku hizi wanausikia kwenye mikutano ya wanaharakati tu: chagulaga mayu. Chagua, mama. Ngoma ikiisha, au mnada ukivunjika, wasichana wanashika njia ya nyumbani na vijana wanawafuata nyuma. Wanamzingira mmoja, watano, kumi, fimbo mkononi, wanamtania na kumsihi na kumwimbia: chagulaga. Haondoki mpaka amtaje mtu. Wazee wanaoitetea mila hii husema hapo ndipo Msukuma alipomheshimu mwanamke, maana kauli ilikuwa yake, na kijana wa boma lenye ng'ombe mia aliweza kukataliwa hadharani akarudi kwao kainamisha kichwa. Wanaoipinga husema binti aliyekataa kuchagua alibebwa kwa nguvu. Nadhani wote wanasema kweli, kila mmoja kwa jioni aliyoiona.

Bibi aliniambia kwamba alimtaja kijana aliyekuwa amesimama nyuma kabisa. Nikajiweka sawa kusikia hadithi ya mapenzi.

“Mbona huyo, bibi?”

“Ndiye peke yake alikuwa hajanishika mkono.”

Waliishi pamoja miaka hamsini na kitu, na sikuwahi kumsikia bibi akijihurumia. Alikuwa anacheka alipolisimulia. Kicheko chake ndicho kinachonizuia nisiigeuze hadithi ile kuwa bango la maandamano. Lakini nimeishi na jibu lake muda mrefu, na naona hivi: maneno ya chagulaga hayana kosa hata moja. Kitenzi ni kuchagua, anayeambiwa ni mwanamke, tena anaitwa mama. Kosa liko kwenye duara. Unaruhusiwa kumchagua yeyote aliyemo. Huruhusiwi kwenda zako nyumbani.

Duara hilo nimesimama ndani yake nikiwa na vitabu mkononi. Jioni moja tulialikwa waandishi watano kwenye hoteli fulani ya kando ya ziwa. Mshereheshaji aliwatambulisha wenzangu wanne kwa kazi zao, jina la kitabu, mwaka, mchapishaji. Alipofika kwangu akakunja karatasi. “Na sasa, ndugu zangu, ua letu!” Makofi. Nilikuwa na vitabu vitatu wakati ule, viwili zaidi ya ndugu aliyekaa kulia kwangu. Nikasoma hadithi ya mchuuzi wa dagaa anayemfukuza mumewe, na maswali yalipofunguliwa, la kwanza lilikuwa: “Mume wako ameisoma hii?” Mwenzangu aliyesoma hadithi ya jambazi hakuulizwa ameiba benki ipi.

Baadaye mzee mmoja, mwandishi ninayemheshimu hadi leo, alinishika bega akasema kwa nia njema kabisa, “Binti, una kalamu ya kiume.” Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ua. Nilisema wabeja, tena kwa goti dogo.

Ua, au dume la heshima. Chagulaga mayu.

Neno ufeministi bado linakaa kooni mwa watu wa huku kama mwiba wa sato. Ukiulizwa “wewe ni feministi?”, sauti inayouliza ni ileile inayouliza kama umeshapima. Mfumo dume tumeuzoea zaidi, ila umekuwa neno la semina. Likitajwa, watu wanaangalia saa ya chai na karatasi ya posho. Neno lililoshuka mpaka vilabuni ni jingine: Beijing. “Usiniletee Beijing yako hapa,” mume anamwambia mkewe aliyeuliza mshahara umekwenda wapi, na hata kondakta wa daladala anamwambia abiria aliyedai chenji yake. Mji mkuu wa China umegeuka kuwa jina la kiburi cha mwanamke wa Kitanzania.

Wanaolitumia hivyo wakiwa Mwanza wangepaswa kugeuza shingo tu, watazame upande wa Ukerewe. Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing Septemba 1995, Getrude Mongella, ni mzaliwa wa kisiwa hicho, na baadaye akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Beijing ilitoka hapa. Ilipanda meli ikaenda, ikarudi na jina la kigeni.

Tukiwa kwenye majina, ziwa letu nalo lina jina la mwanamke, na ni mwanamke ambaye hakuwahi kunawa uso kwa maji yake. Speke alifika mwambao huu wa Mwanza mwaka 1858, akakuta watu wanaliita Nyanza, akalipa jina la malkia wake. Malkia Victoria huyohuyo, mwaka 1870, aliandika barua akiishambulia vikali harakati ya haki za wanawake, akiiona kuwa upuuzi na uovu. Waganda wanaliita Nalubaale, jina linalolihusisha na miungu yao. Sisi tumebaki na Victoria, na pale mjini jiwe letu maarufu linaitwa Bismarck, mwanamume ambaye naye hakuwahi kukanyaga Afrika. Wageni wawili, mwanamke na mwanamume, wametugawia maji na mawe.

Turudi Ukerewe, kwa sababu kisiwa kile kimebeba fasihi ya Kiswahili kuliko ukubwa wake. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Mongella alizaliwa mwaka uliofuata. Napenda kuwafikiria kama watoto wawili wa kisiwa kimoja, rika moja, wakisikia wazee walewale wakizungumza juu ya kusomesha wasichana. Mwaka 1971 mmoja wao alichapisha Rosa Mistika, habari ya msichana wa Ukerewe anayepata nafasi ya kusoma, anatoka kwenye nyumba ya baba mkali, anaingia kwenye dunia ambayo hakuandaliwa nayo, anatumiwa na wakubwa, anatoa mimba, na kuishia kujiua. Miaka 24 baadaye mwingine alikuwa jukwaani Beijing.

Riwaya ile ilizuiwa shuleni kwa muda. Kilichozuiwa ni kitabu. Zakaria, baba mlevi anayempiga mkewe, anayempiga na binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, hakuzuiwa mahali popote; alikuwa anatembea kwenye vijiji vyote vya nchi hii na fimbo yake, na anatembea mpaka leo. Namtetea Kezilahabi mbele ya wenzangu wanaomwona mwandishi aliyefurahia kumwangamiza msichana. Alimchora Zakaria mzima mzima, hakumfichia chupa wala mkono. Waliomfichia ni wasomaji. Sisi walimu tuliingia darasani, tukaandika ubaoni dhamira ya malezi mabaya, tukamaliza Zakaria kwa mstari mmoja, halafu tukahamia kwa Rosa, tukakaa naye wiki mbili. Kizazi kizima cha wasichana kiliambiwa usije ukawa kama Rosa. Sijakutana na mvulana aliyeambiwa usije ukawa kama Zakaria.

Kabla ya Kezilahabi kulikuwa na Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa hichohicho, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuiona ikikaa miaka 35 bila kuchapishwa. Aliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kwenye simulizi yake, Bugonoka hana mtoto, ndugu wa mume wanamsema, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere, mumewe, haoi mwingine. Anawafuata wakwe, anakubali kutozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kuitengeneza ili arudishiwe mke wake. Kurasa zile za maandalizi ya pombe ni ndefu, wanafunzi wangu huzilalamikia. Mimi naziona ni kurasa za mapenzi zilizoandikwa kwa uvumilivu kuliko zozote tulizonazo. Kitereza aliyajua anayoyasema. Yeye na mkewe, Anna Katura, walizika watoto wao wangali wadogo, na hakutafuta mke mwingine. Ni jambo la kufurahisha na kuudhi kwa pamoja kwamba mfano bora nilionao wa mume wa heshima katika riwaya za ziwa hili uliandikwa wakati wa vita vya pili vya dunia, na Mkristo mzee, bila neno hata moja la semina.

Sasa niseme la upande wetu, maana nikilinyamazia nitakuwa kama mwalimu wa dhamira.

Mwaka jana jirani yangu alinipa heshima ya kutunga shairi la kicheni pati ya binti yake. Nikatunga beti tisa. Kamati ikazipitisha nane. Uliokatwa ni wa sita, nilipomwambia bibi harusi asifunge akaunti yake ya benki. “Utamharibu mtoto,” aliniambia mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Siku yenyewe ilipofika mama huyo alikuwa ndiye somo. Alikaa kwenye mkeka katikati ya ukumbi, akamfundisha binti namna ya kumpokea mume, namna ya kupiga goti na sinia mkononi, namna ya kunyamaza mume akirudi amelewa. “Mdomo ukiwasha, tia maji, shikilia mpaka alale.” Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Na mimi nikapiga, maana anasema vizuri.

Mama huyo ana mitumbwi mitatu ya dagaa. Wavuvi kumi na wawili wanamwita tajiri. Usiku wa giza, karabai zikiwa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine, nusu saa kabla ya alfajiri utamkuta Mwaloni Kirumba na daftari lake, anapokea ndoo, anagombana na mizani, na hakuna mwanamume anayethubutu kumwambia atie maji mdomoni. Watu wa mwalo wanajua kazi iliyofanywa mpaka mwanamke amiliki chombo, kwenye ziwa ambalo pande zake zote mama wachuuzi wametakiwa kulipia samaki kwa mwili kabla ya kulipia kwa fedha. Wenzetu wa Kisumu wana neno lake, jaboya; huku kwetu tunalisema kwa macho. Amelivuka hilo lote. Kisha anavua buti, anafunga kitenge, anakwenda ukumbini kumfundisha mtoto wa mwenzake kupiga goti.

Nilimuuliza, siku nyingine, tukiwa wawili. Akacheka. “Mwandishi, yale ni ya ukumbini.” Nikasema bibi harusi anayasadiki. Akanyamaza kidogo. “Atajifunza mwenyewe. Na mimi nilijifunza mwenyewe.”

Sina hakika kama nimeshindwa hoja au nimeambiwa siri. Ila najua kwamba mafunzo ya mwaloni hayana mkeka, hayana ngoma, hayana somo. Yale ya goti yana nyimbo, yana sare, yana keki. Utamaduni ni kile tunachokitungia wimbo, na wanawake wa mji huu tumetunga nyimbo nyingi za kitu ambacho wengi wetu hatukiishi.

Wageni nao walikuja kutuchora. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza: sangara, ndege za mizigo, watoto wa mitaani, wanawake wanaokaa na marubani wa kigeni. Ikashindania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaishutumu hadharani, maandamano yakafanyika, wabunge wakasema, magazeti yakaandika wiki baada ya wiki. Ndege zilibeba silaha au hazikubeba? Mapanki, yale mabaki ya sangara, ni chakula au si chakula? Jina la nchi limechafuliwa kwa kiasi gani? Niliifuatilia mijadala ile kwa makini. Ndani ya filamu mlikuwa na mwanamke kijana aliyeimba kuisifu Tanzania, mbele ya kamera, na kabla filamu haijaisha tunaambiwa ameuawa na mteja mgeni. Katika yote niliyosikia, wanaume wa Ulaya waliosikitika na wanaume wa kwetu waliokasirika, alikuwa hoja tu. Upande mmoja alikuwa mfano wa ubaya wa utandawazi, upande wa pili alikuwa aibu ya taifa. Chombo cha starehe, angeandika binti wa dada yangu, na angepata alama.

Wapo wanaoniambia mambo haya ya haki ni ya kuagiza kutoka nje. Hao nawapa kesi, kwa sababu Msukuma anaheshimu kesi. Mwanamke Mhaya wa ng'ambo ya ziwa alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza, shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani: mila inasema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo, hawezi kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi mwanamume, ya Wilaya ikampa mwanamke, na shauri likavuka likaja Mahakama Kuu hapa Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Ephrahim dhidi ya Pastory: wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi wanaijua. Miaka mitano kabla ya Beijing.

Lakini nani ameiimba? Kila Juni watu wanakwenda Bujora, Kisesa, pale kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, kutazama tamasha la Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kwa ngoma, majembe yakirushwa juu na kudakwa. Hadithi ya makundi hayo inaanza na manju wawili walioshindana zamani, wanaume wote wawili. Nimesikia pale nyimbo za pamba, za bei ya pamba, za ushindi wa chama, za simba, za nyoka, za wachawi. Ya shamba la yule mama sijaisikia. Mara moja nilimwona msichana akipiga ngoma kubwa, mikono yake inaruka kama mvua ya mawe, na watu wakamtunza noti nyingi kuliko waliomtangulia. Lakini walimtunza wakicheka na kumpiga picha, kama mtu anavyotunza kioja. Bulabo, kwa Kisukuma, maana yake ni maua. Nikakumbuka yule mshereheshaji.

Wiki iliyopita umeme ulikatika na daftari la fasihi likafungwa. Dagaa nao walikuwa wamekwisha. Nikamsimulia binti yangu huyu hadithi ya Grace Ogot, mama wa Asembo, ng'ambo ya pili ya ziwa hilihili, aliyekuwa muuguzi kabla hajawa mwandishi. Nilimsimulia ile ya mvua, ambayo watu wengi waliosoma kwa Kiingereza wanaijua. Nchi imekauka. Mganga ameota kwamba mvua haitanyesha mpaka binti wa chifu, Oganda, atolewe kwa zimwi la ziwani. Baba analia na kukubali. Wanawake wanamwandaa, wanamwimbia, wanamsindikiza mpaka njia inapomhitaji peke yake. Kijiji kizima kinampenda, na kijiji kizima kinampeleka. Karibu na maji kijana anayempenda anamfikia, anamfunika kwa majani, wanakimbia.

Hapo nikanyamaza, kama bibi alivyokuwa akinyamaza.

“Halafu?”

“Halafu radi ikapiga, mvua ikanyesha.”

Alikaa gizani akifikiria. Nilisikia anahesabu kitu kwa vidole juu ya meza.

“Lakini hakuliwa.”

“Hakuliwa.”

“Kwa hiyo mvua ilikuwa inakuja tu?”

“Ilikuwa inakuja tu.”

Umeme uliporudi hakufungua daftari. Alichana karatasi katikati ya kitabu cha hesabu, akaandika juu, kwa ile hati yake ya kulala upande: Nafasi ya mwanaume. Akaweka moja. Akaandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Ya baba aliyelia na kukubali, ya mganga aliyeota ndoto ikamwangukia mtoto wa mtu mwingine, akaruka mpaka kwa Zakaria, ambaye alimsoma kwa siri kwenye rafu yangu akiwa kidato cha pili. Alifika hoja ya nne. Kisha akainua kichwa.

“Mama mdogo, nikiandika hii kwenye mtihani, watanipa ngapi?”

Nikamwambia ukweli, kwamba hawatampa kitu, maana hakuna atakayekuwa ameuliza.

Akaisoma tena yote, midomo ikicheza. Akaikunja mara nne, akaichomeka ndani ya jalada la Takadini, akavuta daftari lake.

“Tano,” akasema. “Mwanamke amechorwa kama…”